Mrututu kwenye Maji ya Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa mdomo, na hilo sijawahi kulificha. Pale Buhongwa ninapouza dawa za mifugo, wateja wangu wanajua kwamba ukija na ng'ombe aliyekonda nitakuuliza mbele za watu kama unamlisha au unamtazama tu. Wananiita daktari ingawa sijasomea udaktari wa kitu chochote. Nina cheti cha kozi fupi na miaka kumi na miwili nyuma ya kaunta. Nikikosewa nasema. Nikiona jambo haliendi nasema, na nikishasema yameisha. Ndiyo maana hili ninalotaka kulieleza linanitia aibu mara mbili, kwanza kwa nilichofanya, na pili kwa sababu kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilinyamaza.

Baba mkwe alikuwa anaishi nasi. Alikuwa fundi wa injini kwenye kivuko cha Kigongo kwa miaka mingi, akastaafu kabla daraja jipya la pale halijaanza kupitisha magari, na mama mkwe alipofariki mume wangu akaenda kumchukua. Mimi ni Msukuma wa Usagara, yeye Mkerewe. Kwetu mwanamke hakai na baba mkwe wake kwenye kochi moja, hampi mkono, wala hali naye sahani moja. Unapiga goti, unasema shikamoo, unaondoka. Yeye alikuwa ananicheka kwa hilo. Alisema kwenye kivuko alikwisha kusukumana na wakwe za watu wote wa Kanda ya Ziwa na hakuna aliyekufa. Lakini hata alipocheka hakunilazimisha, na kila tulipokaa sebuleni alikuwa anachagua kiti cha mbali ili nisipate taabu ya kuhama.

Kitu alichokipenda baada ya kustaafu ni tangi la samaki. Alilijenga mwenyewe kwa vioo na gundi, urefu wake ni kama wa benchi la kukaa watu watatu, akaliweka sebuleni kwangu. Hakutaka samaki wa kununua. Alifuga furu, wale samaki wadogo wa ziwani ambao sangara alikaribia kuwamaliza. Alikuwa nao kumi na mmoja. Dume lao kubwa lilikuwa na mgongo wa buluu na mkia mwekundu, na likikasirika rangi zilikuwa zinakolea. Mimea pia aliitoa ziwani, kwenye maji mafupi, mingine mirefu kama utepe, mingine yenye manyoya, akaipanda kwenye mchanga aliouosha kwa siku mbili. Wageni walikuwa wakiingia wanasahau kusalimia. Nitakuwa mwongo nikisema halikuwa zuri.

Basi mwaka huo likaingiwa na mwani. Si ule ukungu wa kwenye kioo ambao unaufuta kwa kitambaa unaisha. Huu ulikuwa na nywele. Ulishika majani ya mimea, ukashika mawe, ukashika bomba la pampu, na kila alipoutoa ulirudi. Baba alisema chanzo ni yeye mwenyewe, kwamba alikuwa amebadilisha taa akaweka yenye mwanga mkali na akawa anawapa samaki chakula mara mbili kwa siku. Mwani, alisema, si ugonjwa, ni shibe; mwanga umezidi na mabaki ya chakula yamezidi. Kwa hiyo dawa yake ilikuwa kupunguza. Chakula kila baada ya siku moja. Taa saa chache tu, halafu tangi linafunikwa kwa kitenge. Kila Jumamosi anatoa theluthi moja ya maji na kuweka mengine. Na kila asubuhi anakaa na mswaki mkuukuu, anauzungusha ndani ya zile nywele za kijani kama mtu anayekunja tambi kwenye uma, anavuta polepole, anasuuza kwenye ndoo, anarudia.

Miezi miwili, jamani. Miezi miwili ya mswaki. Mimi ni mtu ambaye ng'ombe akiumwa leo nataka kesho ale majani, na kila nilipopita na kumkuta pale na mswaki wake nilihisi kama kuna mtu anakwaruza sahani. Nilimwambia mume wangu kwamba baba anahangaika na kitu cha dakika tano. Mume wangu ni fundi umeme, hapendi maneno mengi, akaniambia nimwache mzee na raha zake.

Mambo yalikuwa hivyo mpaka simu ilipokuja kutoka Ukerewe kwamba kaka yake baba amefariki. Kaka huyo alikuwa mgonjwa wa kusahau. Alianza kwa vitu vidogo, akaweka jembe ndani ya kisima, akamlipa mtu yule yule mara mbili, na miaka yake ya mwisho alikuwa hawajui watoto wake, anawauliza wametoka wapi na wanataka nini. Baba alimlilia sana, na alikuwa amemlilia hivyo hivyo hata kabla hajafa. Alifunga mkoba kwenda kwenye msiba, na asubuhi ya kuondoka aliniita, akasimama upande mmoja wa tangi nami upande wa pili, akanipa maelekezo. Chakula kidogo, Alhamisi tu. Kitenge saa nane mchana. Maji asiguse mtu, atabadilisha mwenyewe akirudi. Mwani nikiukuta umezidi niuache. Nikasema sawa baba, na kichwani nilikuwa nahesabu kitu kingine kabisa.

Kilichokuwa kichwani ni jumuiya. Sisi ni Wakatoliki, na Jumamosi jumuiya yetu ndogo inasali nyumba kwa nyumba, na Jumamosi hiyo ilikuwa zamu yangu. Nyumba ikipata zamu, unapaka hata chokaa kwenye mawe ya uani. Kuna mama mmoja kwenye jumuiya yetu, sitamtaja, ambaye huwa anapitisha kidole juu ya kabati lako wakati wa litania. Nilimwona kabisa kwa mawazo akikaa mbele ya lile tangi la nywele za kijani, akigeuza shingo. Roho ilinikataa.

Alhamisi, dukani, nilikuwa namwekea mteja mrututu kwenye karatasi. Mrututu ni yale mawe ya buluu ambayo wafugaji wanaloweka na kumwoshea ng'ombe kwato zinazooza. Nimekua nayo. Na pale pale nikamkumbuka baba yangu mzazi, Usagara, na hodhi lake la saruji la kunyweshea ng'ombe. Hodhi likifanya kijani, alikuwa anasaga kipande kidogo cha mrututu, anatupia, na baada ya siku mbili maji yanaonekana mpaka chini. Ng'ombe walikunywa na hawakufa. Nilijiona mwerevu kweli kweli. Nikachukua kipande kama punje ya harage, nikakifunga kwenye kona ya kanga, nikafunga duka mapema.

Nataka nieleweke hapa. Sikukosea kwa kutojua kwamba mrututu ni sumu. Naiuza. Kila siku nawaambia wafugaji wanawe mikono na wasimwage karibu na kuku. Nilijua, na niliamua kwamba kidogo hakidhuru, kwa sababu mimi ndiye niliyekipima. Nikakisaga, nikakikoroga kwenye kikombe, nikakimimina polepole kwenye kona ya tangi huku samaki wakija juu wakidhani nimewaletea chakula. Halafu nikaosha kikombe mara tatu na kukitupa.

Ijumaa asubuhi mwani ulikuwa umepauka. Nilicheka peke yangu. Lakini konokono wadogo waliokuwa wanatambaa kwenye kioo walikuwa wameanguka chini kwenye mchanga, wote, na nilipogusa mmoja kwa kijiti hakujivuta. Nikajiambia konokono si samaki. Nikachukua chujio la chai, nikawakusanya, nikawatupa kwenye shimo la taka nyuma ya nyumba, juu yake nikamwaga majivu. Mtu anayeamini hajafanya kosa hamwagi majivu. Nilijua hivyo hata wakati namwaga.

Jumamosi jumuiya ikaja. Mwani ulikuwa umekatika unaelea vipande vipande, nikautoa, na maji yakawa yanang'aa mpaka ukutani kunacheza vivuli vya majani. Yule mama wa kidole akasimama hapo akasema hajawahi kuona kitu kama hicho kwenye nyumba ya mtu wa kawaida. Nikapokea sifa. Furu walikuwa wote wamepanda juu, midomo imegusa hewa, wanafungua na kufunga. Mama mmoja akasema wanatusindikiza kwenye rozari, na watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Dume kubwa rangi yake ilikuwa imefifia, mgongo umekuwa wa kijivu. Niliuona mgongo huo na nikakaribisha watu chai.

Jumapili mchana baba akarudi kutoka msibani. Alikuwa amechoka, macho yamevimba, na mtu wa kwanza aliyemkimbilia ni binti yetu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka sita na babu ndiye aliyekuwa anampeleka shule na kumrudisha. Kuvuka ile barabara ya Shinyanga na malori yale si kazi ya mchezo, na hatukuwa tunamwamini mtu mwingine. Baada ya kumbeba mtoto aligeuka kwenye tangi, akasema ameshangaa, mwani umeondoka wenyewe. Akasema kweli basi, ilikuwa ni kupunguza mwanga tu. Alifurahi kwa namna ambayo sikuitarajia kwa mtu aliyetoka kuzika. Halafu akaniuliza konokono wako wapi. Nikamjibu kwamba labda wamejifukia kwenye mchanga.

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, alibadilisha maji kwa sababu Jumamosi ilimpita akiwa safarini. Hapa lazima nieleze habari ya mapipa. Maji yetu ya bomba yanakuja kwa mgawo na yanakuja na dawa ya kusafishia, ambayo mtu haimdhuru lakini samaki inamuua. Kwa hiyo nyuma ya jiko kulikuwa na mapipa mawili. Moja ni la matumizi ya nyumbani, linajazwa kila maji yanapotoka. La pili ni la samaki, lina mfuniko na jiwe juu yake, na maji yake yanakaa siku tatu au zaidi mpaka dawa iishe. Nilikuwa jikoni namenya ndizi. Dirisha la jikoni linatazama mapipa. Nilimwona baba mkwe akiondoa jiwe, akiondoa mfuniko, akichota ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, akirudisha mfuniko na kuweka jiwe. Nilimwona kwa macho yangu haya mawili.

Jumatatu asubuhi wote kumi na mmoja walikuwa wanaelea.

Alikuwa amesimama mbele ya tangi na mswaki mkononi. Hakulia wala hakuita mtu. Aliingiza kidole kwenye maji, akakinusa, akakinusa tena. Mume wangu akatoka chumbani akasema pole baba, akaanza kuangalia waya za pampu, zilikuwa nzima. Halafu baba akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na beseni.

"Mama, jana ulikuwa jikoni. Nilichota pipa lipi?"

Alinitazama usoni, kitu ambacho kwa heshima yetu hakuwa anakifanya sana. Nilikuwa na sentensi mbili mdomoni. Ulichota la jiwe, baba. Mimi ndiye niliyeweka mrututu. Sentensi mbili tu, na mimi ni mtu ninayeweza kusema sentensi mia moja kabla ya kifungua kinywa.

"Sikuangalia, baba," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali aliyokuwa anayajua. Akasema anakumbuka kuondoa jiwe, lakini pengine anakumbuka jiwe la siku nyingine. Akasema kaka yake alianza hivi hivi. Mume wangu akamwambia asiseme hivyo, kila mtu anasahau, na sauti yake ilikuwa na woga ambao baba aliusikia. Mimi nikaenda kumwaga maji ya beseni ambalo halikuwa na maji.

Ningesema siku hiyo. Nilipanga kusema jioni, akishapumzika. Jioni nikaona nimsubiri mume wangu atoke nje kwanza. Siku iliyofuata nikajiambia nikimwambia sasa ataniuliza kwa nini sikusema jana, na swali hilo lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza. Halafu kukawa na la dukani: watu wangesikia kwamba daktari wa Buhongwa ameua samaki wa mkwe wake kwa dawa anayoiuza. Naona haya kuandika kwamba nilifikiria hilo, lakini nililifikiria sana, na nililifikiria kabla ya kumfikiria yeye.

Baba alimwaga maji yote, akaing'oa mimea, ambayo nayo ilikuwa imeanza kulainika kama mchicha uliochemshwa, akalikausha tangi na kulifunika kwa kile kitenge. Tukadhani ataanza upya. Badala yake Ijumaa alikuja mezani, akamweleza mume wangu, mbele yangu, kwamba kuanzia Jumatatu tutafute mtu mwingine wa kumvusha mtoto barabara. Alisema mtu ambaye hajui amechota pipa lipi hawezi kushika mkono wa mtoto wa mtu mbele ya lori. Mume wangu alibisha kidogo. Sikumsikia akibisha kwa nguvu. Binti yetu alikaa mlangoni na viatu vyake vya shule akilia kwamba anamtaka babu, na babu akaingia chumbani akafunga mlango.

Baada ya hapo likaja jingine na jingine. Akarudisha ufunguo wa geti, akasema asije akaupoteza. Akawa hawashi jiko la gesi. Akipeleka sukari kwenye chai anasimama na kijiko hewani, anauliza kama ameshaweka. Na kila alipouliza, mimi niliyekuwa najua kwamba akili yake ni nzima kuliko yangu nilikuwa namjibu kwa upole: bado baba, au tayari baba. Nilikuwa mpole mno miezi ile. Mume wangu alinisifu kwa upole huo. Wateja dukani waliona tu kwamba nimekuwa mkali kupita kawaida, na mzee mmoja wa Usagara aliniuliza kama nimefiwa.

Mwisho baba akaomba arudi Ukerewe kwa binti yake, wifi yangu mkubwa. Alisema anataka kuwa karibu na makaburi ya watu wake mapema, wakati bado anajua ni ya nani. Hiyo ndiyo sababu aliyoitoa. Mume wangu akampeleka, akarudi, akakaa uani mpaka chai ikapoa.

Nilivumilia miezi mitano tangu samaki wafe. Kilichonishinda ni simu ya wifi. Alinipigia kunipa habari za kawaida, akasema baba anaendelea, ila sasa anamtuma mjukuu kila siku akaangalie kama amefunga mlango, na mjukuu akirudi na kusema umefunga, haamini, anamtuma tena. Akasema siku hizi haendi hata ziwani kutazama watu wakivua. Nikafunga duka. Nikamwambia mume wangu nataka kwenda kumsalimia baba, akafurahi, akaninunulia sukari na sabuni za kupeleka. Jumamosi nikapanda meli kwenda Nansio, bandari ya Ukerewe, nikiwa na kipande cha mrututu ndani ya karatasi kwenye mkoba, ili asiseme nabuni.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki kwenye kibaraza cha wifi, amekonda, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni kama mtoto aliyevalishwa. Nikapiga goti, shikamoo baba, marahaba mama, habari za huko. Wifi akaleta uji, akatuacha. Na mimi, ambaye sikuwahi kukaa karibu naye, nikavuta kigoda nikakaa pale mbele ya miguu yake, nikasema yote. Jumuiya. Kipande kama harage. Kikombe. Konokono na majivu. Nikafungua karatasi nikamwonyesha yale mawe ya buluu. Nikamwambia nilimwona kwa dirisha la jikoni akiondoa jiwe kwenye pipa la samaki, ndoo tatu, na kwamba aliponiuliza nilimdanganya. Nikamwambia hajasahau kitu chochote, hajawahi, ni mimi. Nilikuwa nalia, kamasi zinanitoka, sikuwa na hata haya ya kujifuta.

Akachukua ile karatasi, akautazama mrututu, akaifunga vizuri, akanirudishia. Nilikuwa namsubiri akasirike. Nilikuwa namtaka akasirike, anitukane hata kwa Kikerewe, anifukuze, aseme maneno ambayo ningestahili kuyabeba mpaka nyumbani.

"Mume wako ndiye aliyekupanga uje useme haya?" akaniuliza.

Nikamwambia hapana, mume wangu hajui. Akatabasamu. Alisema amezaa watoto sita na hakuna hata mmoja ambaye angevuka ziwa kuja kujitwika kosa lake. Alisema alijua mimi ni mtu mkali, lakini hakujua kama nina moyo wa namna hii. Nikaanza kumkatalia, nikamshika goti, mimi, mkwe, nikamshika goti. Nikamwambia si moyo, baba, ni kweli, nilikuona.

Kwa muda kidogo macho yake yakabadilika. Nina hakika alianza kuamini, maana aligeuka akautazama ule mlango ambao huwa anamtuma mjukuu kuuangalia. Halafu akatikisa kichwa.

"Hapana, mama. Wewe nakufahamu. Ungeniona, ungeniambia pale pale. Wewe huwezi kukaa na neno hata siku moja, sembuse miezi mitano."

Nilifungua mdomo, na mdomo wenyewe ndio aliokuwa anautolea ushahidi. Alinipigapiga begani, mara ya kwanza tangu niolewe, akaniambia nisiumie, yeye ameshakubali hali yake, na Mungu atanilipa kwa kujaribu kumwondolea. Akamwita wifi akamweleza nilichokuja kufanya. Wifi akanikumbatia akalia. Nilijaribu kumweleza wifi pembeni, jikoni, nikarudia yote toka mwanzo, akanishika mikono akasema, wifi, inatosha, baba ameshaelewa, usijitese. Kadiri nilivyoapa ndivyo nilivyozidi kuwa mtu mwema.

Asubuhi wakati wa kuondoka baba alikuwa ameamka kabla yangu. Alikuwa amemshika kuku jike, mweupe mwenye madoa, amemfunga miguu kwa kamba ya mgomba. Akasema ni shukrani, nikale na watoto. Zawadi ya baba mkwe haikataliwi. Nikapiga goti, nikampokea kwa mikono miwili.

Kwenye meli niliamua kwamba nikifika tu nitamwambia mume wangu. Yeye ananijua kwa ndani, yeye angeamini. Nilijipanga njia nzima, kuku miguuni. Lakini nilipofika nyumbani Buhongwa nilimkuta amesimama getini ananisubiri, kitu ambacho huwa hafanyi, na macho yamemjaa. Baba alikuwa amempigia simu. Akanipokea mkoba, akaniambia kwamba katika maisha yake hatasahau nilichomfanyia baba yake, kwamba hata kama ulikuwa uongo ulikuwa uongo wa mtu mwenye upendo.

Nilikuwa na sentensi mbili mdomoni, zile zile. Mume wangu angeniamini, najua angeniamini, ingetosha kumtazama machoni na kumwambia. Angempigia baba yake jioni ile ile na baba angemwamini mwanawe. Alikuwa amesimama ananitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu tukiwa wachumba.

Nikamwambia asante. Nikaingia jikoni, nikachemsha maji, nikamchinja yule kuku nikamnyonyoa. Tulimla siku hiyo hiyo, na mume wangu aliongeza mchuzi mara mbili.